Mifuko ya kinga njaa baada ya misimu mitatu: tathmini ya mkulima wa Kongwa

Mwezi Februari nilifungua mfuko wa mwisho wa mahindi niliyoyavuna Juni, nikaingiza mkono hadi chini, na sikukuta vumbi la unga wala punje iliyotobolewa. Kwa mtu anayelima Kongwa, ambako dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, huweza kulimaliza gunia la sandarusi kabla ya Krismasi, hilo ni jambo kubwa, na ndiyo sababu ninaandika tathmini ya mifuko hii ya PICS ya kuhifadhia nafaka bila kupitisha hewa, ambayo wengi wetu tunaiita mifuko ya kinga njaa.

Mfuko una matabaka matatu: mawili ya plastiki nzito ndani, na sandarusi ya kubeba uzito nje. Asili yake ni kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, walioanza Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde. Hautiwi dawa yoyote. Ukifungwa barabara, wadudu waliomo humaliza oksijeni, wakashindwa kula na kuzaana, hatimaye wakafa.

Wengi wanaoulaumu huwa wamekosea kwenye ukaushaji. Mahindi yanapaswa kukauka hadi unyevu wa asilimia 13 hivi, kwa sababu yakifungwa yangali na maji yataota ukungu humohumo ndani. Asiye na kipimo achukue chupa kavu ya kioo, atie punje na chumvi kavu, atikise, kisha aiache kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi yarudi kwenye turubai. Kila tabaka hufungwa peke yake: hewa inakamuliwa, shingo inasokotwa, inakunjwa, kamba inakazwa. Ieleweke pia kwamba mfuko hauondoi sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokwisha kuingia, na sisi wa Dodoma, pamoja na jirani zetu wa Manyara, hatujasahau vifo ilivyosababisha mwaka 2016.

Nilinunua kwa shilingi 5,000 kila mmoja, bei ambayo ni mara kadhaa ya sandarusi tupu, na mke wangu alipinga kwa haki kabisa. Leo, baada ya misimu mitatu bila kununua dawa ya unga ya kuulia wadudu, hapingi tena. Utafiti unatuunga mkono: katika jaribio lililofanyika kwenye wilaya mbili za Tanzania, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021, kaya zilipewa mifuko mitano na mafunzo, na idadi ya kaya zenye upungufu mkubwa wa chakula katika miezi ya njaa ikapungua kwa wastani wa asilimia 38. Nchini Uganda waliopewa mfuko walielekea zaidi kupanda mbegu chotara, jambo ambalo mkulima analielewa mara moja, kwa kuwa chotara huzaa sana lakini hushambuliwa upesi ghalani.

Panya ndiye adui aliyebaki. Mfuko mmoja niliouegemeza ukutani ulitobolewa. Sasa yote inakaa juu ya chanja, mbali na ukuta.

Upungufu unaonisumbua zaidi hauko kwenye mfuko wenyewe. Mtu anayedaiwa ada ya shule na pesa ya pembejeo atapeleka mahindi sokoni Kibaigwa mwezi Juni hata akiwa na mifuko 20, halafu Januari anunue debe kwa bei ya juu. Magharibi mwa Kenya, watafiti waliofanya kazi na shirika la One Acre Fund walionyesha kwamba mkopo ukitolewa wakati wa mavuno, mkulima huweza kusubiri bei ipande. Vyama vyetu vya akiba vingeuza mfuko na mkopo pamoja, ningevisifu bila kusita.

Tahadhari moja kwa mnunuzi: msimu wa pili duka fulani la pembejeo liliniuzia mifuko yenye plastiki moja tu ndani, nami nikagundua siku ya kujaza, mahindi yakiwa tayari yameanikwa. Msimu huu nimeongeza minne, na nilihesabu matabaka palepale kaunta, nikapuliza hewa ndani ya kila plastiki kabla ya kulipa.