Maegesho ya baiskeli katika chuo kikuu kimoja cha Kyoto
Maegesho haya ya ghorofa mbili yamebuniwa vizuri: reli ya juu huvutwa na kushushwa, kisha baiskeli husukumwa juu kwa msaada wa springi, ingawa ile nzito yenye kiti cha mtoto haifai kupandishwa huko. Stika ya chuo ni ya lazima, mbali na usajili wa kuzuia wizi unaotakiwa kisheria nchini Japani tangu 1994. Kasoro kubwa ni msongamano wa asubuhi, ambapo usukani hunasa kwenye nyaya za breki za baiskeli ya jirani, huku zilizotelekezwa, matairi yakiwa yameisha upepo, zikiendelea kuhodhi nafasi hadi zibandikwe onyo na kuondolewa. Paa halivuji, jambo la maana sana katika mvua za Juni.