TAHADHARI: Muuza trela za kubebea ndege za rimoti, Midlands. Kadi anayowaonyesha si ya trela

Kwa wote mnaorusha ndege kubwa za petroli hapa Uingereza, hasa sisi tuliotoka Afrika Mashariki: kuna mtu anazunguka Midlands akiuza trela za boksi "zilizotengenezwa maalum kwa ndege kubwa". Msimpe hata pauni moja. Kijana wetu mmoja wa Nakuru amelipa pauni 1,400, na trela lenyewe polisi wamelichukua kwa sababu lilikuwa la wizi. Jamaa mwingine wa Tanga alitoa kishika uchumba cha pauni 300 na mpaka leo hajaliona hata tairi. Mimi nilikwenda kuliangalia trela lake jingine nikiwa na tochi mkononi, kwa hiyo ninayoandika kuhusu chuma nimeyaona mwenyewe.

Jina silitaji, maana kila tangazo analiweka kwa jina jipya na simu mpya. Mtamjua kwa mwendo wake.

Tangazo huwa na picha nzuri kweli. Ndani kuna rafu zilizovishwa zulia, mabawa yamening'inizwa ndani ya mifuko ya rangi ya fedha, taa ndogo juu, benchi la kukunja, na chini zimesimama ndege mbili za mfano aina ya Piper Cub za theluthi ya ukubwa halisi. Mwenye kujua mchezo huu akiona hivyo mate yanamtoka. Cub ya namna hiyo ina upana wa mita 3.6 hivi kutoka ncha ya bawa hadi ncha, na hata ukiyang'oa mabawa bado una kiwiliwili cha zaidi ya mita mbili chenye mkia usiopenda kuguswa. Kwenye gari dogo haiingii. Ukiwa na vani unaweza kupanga moja na vikorokoro vyake; ukitaka kwenda na mbili kwenye maonyesho unaanza kuota trela. Huyu bwana anawauzia watu ile ndoto. Angalieni picha zake vizuri: zote zimepigwa kutoka mlangoni kuelekea ndani. Ya chini ya trela hakuna, ya kichwa cha kuunganishia hakuna, ya kibao cha mtengenezaji hakuna.

Bei yake ni kama nusu ya zile zinazouzwa kwingine. Sababu yake ni kwamba anaacha mchezo, mzee wake anaumwa, na kesho asubuhi kuna mtu anatoka Wales kuja kulichukua.

Sasa pale anapotunasa sisi zaidi kuliko Waingereza ni kwenye namba. Nyumbani trela ni chombo chenye hati zake. Kenya lina namba yake inayoanza na Z na logbook yake. Tanzania nalo husajiliwa peke yake, likapata namba na kadi. Tumekua tukijua kwamba namba ya nyuma ya trela ni ya trela. Hapa trela dogo la mtu binafsi halilazimiki kusajiliwa kabisa. Namba inayobandikwa nyuma ni nakala ya namba ya gari linalolivuta wakati huo. Ukilihamishia gari jingine, unabandua hiyo na kuweka nyingine. Kadi hakuna, na hata ule ukaguzi wa MOT wa kila mwaka haulihusu.

Yeye anajua kwamba hatujui. Anakuja na trela lina namba nyuma, anakutolea karatasi ya V5C, yaani kadi ya usajili wa gari ya hapa, anakwambia, "Linganisha mwenyewe." Unalinganisha: herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Kijana wa Nakuru aliridhika hapo hapo, na nani asingeridhika? Kumbe ile ni V5C ya vani yake. Na hata ingekuwa ya chombo chenyewe, juu yake imeandikwa waziwazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inaonyesha nani anawajibika kwa chombo hicho barabarani. Akishapokea pesa anabandua kile kibandiko, anasema ni cha gari lake na wewe utaweka cha kwako. Neno hilo ndilo pekee la kweli alilotamka siku nzima.

Kwa sababu hakuna kadi, kinacholitambulisha trela ni namba ya mtengenezaji. Iko kwenye kibao kilichopigwa ribiti mbele, na kwa watengenezaji wengi imegongwa pia kwenye chuma cha chasisi au cha mkono wa kuvutia. Kwenye lile nililoliona, kibao kilikuwa kikuukuu kimechubuka, lakini ribiti zake zilikuwa mpya zinang'aa. Kibao cha miaka kumi kwa ribiti za juzi! Nilipomulika mkono wa kuvutia nikaona mahali pamesagwa kwa grainda, pakapakwa rangi ya fedha ya kopo, upana wa kiganja. Nilipomuuliza akasema palikuwa na kutu. Kutu gani inayokula mahali palipo na namba tu na kuacha kwingine kote?

Kibao hicho kilisema uzito wa juu ni kilo 1,300. Sheria ya hapa ni kwamba trela lenye uzito wa juu unaozidi kilo 750 lazima liwe na breki zake lenyewe, na kwa kawaida waya wa dharura unaozivuta hizo breki trela likichomoka. Nililala chini nikatazama: hakuna waya, hakuna fimbo za breki, hakuna chochote kwenye magurudumu. Maana yake kibao kimetoka kwenye trela jingine. Tangu Desemba 2021 leseni ya kawaida ya gari inakuruhusu kuvuta hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada, na watu wengi wamechukulia kwamba mengine yote nayo yamelegezwa. Hayajalegezwa. Ukisimamishwa na trela la kilo 1,300 lisilo na breki, aliyekuuzia hatakuwepo kwenye kiti cha pembeni kukusaidia kujieleza.

Matairi yalikuwa na mistari mizuri, karibu mapya kwa kuyatazama. Lakini ubavuni yaliandikwa 1509, yaani wiki ya 15 ya mwaka 2009. Matairi ya trela hayafi kwa kuisha, hufa kwa kukaa. Yanapasuka vinyufa vidogo karibu na rimu huku juu yanapendeza. Boksi lile ni refu na jepesi, ndege zenyewe kilo 15 au 20 tu kila moja, kwa hiyo upepo wa ubavuni unalisukuma hata ukienda maili 60, ambazo ndizo mwisho kwenye barabara kuu ukiwa unavuta. Tairi likipasuka hapo, umekwisha.

Kuna jambo jingine kuhusu matrela yake ambalo lingekuwa hatari hata kama angekuwa mwenye mali halali. Anajisifu kwamba boksi "limezibwa kabisa, vumbi haliingii". Ni kweli, amelijaza silikoni kila kona na tundu la hewa hata moja hakuna. Halafu ndani ameweka betri kubwa, inveta na meza ya kuchajia betri za ndege za LiPo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia sakafuni. Tangi la ndege lililobaki na vijiko viwili vya mafuta, siku ya jua, boksi limefungwa, unafungua mlango na kubonyeza swichi ya taa... Trela la kubebea ndege za petroli linahitaji matundu ya hewa chini na juu. Tangi unalimwaga kabla ya safari, bomba la kupumulia unaliziba, dumu la mafuta halikai pamoja na chaja inayofanya kazi. Na lile povu gumu jeupe la stirofomu alilokata kwa umbo la ndege, wateja wanalisifia sana: petroli ikidondoka juu yake linayeyuka kama sukari kwenye chai, na bawa lenye kiini cha stirofomu nalo linaweza kuliwa hivyohivyo kupitia ufa mdogo. Mrushaji halisi wa ndege hizi hawezi kuweka stirofomu chini ya injini ya cc 55. Hapo ndipo nilipojua kwamba huyu hajawahi kurusha ndege. Zile Cub mbili za kwenye picha si zake.

Nilimjaribu kidogo. Nikamuuliza ndege anazifunga wapi. Akaonyesha mikanda ya kufungia mizigo inayopita juu ya bawa. Juu ya bawa! Mbavu za mti mwepesi wa balsa zingebaki unga kabla hamjafika Leicester. Ndege hufungwa kwenye miguu ya magurudumu, mabawa yakakaa peke yake kwenye mifuko yake, na pua yenye injini ikawekwa karibu na ekseli kadiri nafasi inavyoruhusu.

Jamaa wa Tanga hakufika hata hatua ya kuliona. Yeye alikuwa mbali, akaambiwa asihangaike, kuna kampuni itamletea trela nyumbani, alipie pauni 300 za kushikilia tu. Kisha akatumiwa kiungo kinachofanana kabisa na ukurasa wa kampuni ya usafirishaji, kikitaka namba za kadi ya benki "kwa ajili ya bima ya safari". Hapo alishtuka akaacha, lakini zile 300 alikuwa ameshazituma kwa njia ya benki. Picha alizotumiwa ni zilezile za Cub mbili, ila zimegeuzwa kushoto kuwa kulia. Utaona maandishi kwenye mfuko wa bawa yanasomeka kinyumenyume.

Kama umeshamlipa, piga 159 sasa hivi, ndiyo namba fupi ya kukuunganisha na benki yako, uwaambie umetapeliwa. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki zinalazimika kumrudishia mtu aliyelaghaiwa akatuma pesa ndani ya nchi kwa njia ya haraka, hadi pauni 85,000, ingawa zinaweza kukata hadi 100 za mwanzo. Lakini chunga unavyoeleza. Ugomvi wa kawaida wa mnunuzi na muuzaji kuhusu ubora wa bidhaa haumo kwenye utaratibu huo. Ukianza kulalamika kuhusu matairi na kutu, watakuambia nenda mahakamani. Eleza kwamba alijidai ana mali ambayo si yake, au ambayo haipo kabisa, na uwape picha na meseji zote. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo kwa mfanyabiashara ana kinga ya kifungu cha 75 kwa kitu cha zaidi ya pauni 100, ila huyu bwana kadi hapokei. Nanyi mnaelewa kwa nini.

Kama trela unalo tayari na ribiti ni mpya, usiliuze kwa mwingine ili uokoe pesa yako. Ukishashuku kwamba ni la wizi na ukaliuza, kesi inaweza kuwa yako. Mali ya wizi haiwi yako hata ungelilipia bei kamili. Mwenyewe akijitokeza linarudi kwake, au kwa kampuni ya bima iliyokwisha kumlipa. Piga picha ya kibao na ya ile sehemu iliyosagwa, wapigie polisi kwa 101, kisha mpigie mtengenezaji umsomee namba. Watengenezaji wakubwa wana kumbukumbu ya namba zao na watakwambia kama kibao hicho kilitoka kwenye trela la aina hiyo. Kijana wa Nakuru aliambiwa kibao chake kilikuwa cha trela la kubebea mifugo.

Wanaopanga kununua trela, kulijaza ndege na kulipakia kwenye kontena la Mombasa au Dar, ninyi ndio anaowatafuta zaidi, kwa sababu anajua mkishagundua mtakuwa mbali. Dai risiti ya mwanzo ya dukani yenye namba ya chasisi, na mkutane nyumbani kwake mchana. Mimi alinipangia maegesho ya supamaketi.

Wiki hii tangazo lake limehamia upande wa Derby. Bei imeshuka hadi 1,250, mzee anayeumwa amekuwa mama, na rafu zimebadilishwa zulia kutoka la kijivu kuwa la bluu. Ribiti ni zilezile.