Dadu Zisizorushwa: Uzoefu Wangu na Biblios

Dadu za Biblios, mchezo wa mezani wa karata na mnada, hazirushwi. Ziko tano, kila moja na rangi yake, na mchezo unapoanza zinapangwa kwenye kibao kidogo zote zikionyesha 3. Aliyezoea ludo atanyoosha mkono azitikise, lakini hapa dadu ni bei. Kila rangi ni aina moja ya mali, na mwishoni mwenye mali nyingi zaidi ya rangi hiyo ndiye anayeichukua dadu yake pamoja na pointi zinazosomeka juu yake wakati huo. Ikiwa imepandishwa hadi 6, kapata 6. Ikiwa imeshushwa hadi 1, amehangaika mchezo mzima kwa pointi moja.

Wachezaji ni wakuu wa monasteri za Ulaya ya Zama za Kati, kila mmoja akitaka maktaba bora kuliko ya mwenzake. Mali ni watawa, rangi za kupambia kurasa, miswada, vitabu vitakatifu na vitabu vilivyopigwa marufuku. Mbunifu ni Steve Finn. Mchezo ulitoka kwanza mwaka 2007 kwa jina la Scripts and Scribes, kisha kampuni ya IELLO ya Ufaransa ikautoa upya kama Biblios mwaka 2011. Toleo hilo ndilo nililonalo, ndani ya kasha lenye umbo la kitabu cha kale ambalo jalada lake linafungwa kwa sumaku.

Mandhari hii imenivuta kuliko ngome na mapanga ambayo michezo mingi ya enzi hizo huikimbilia. Kabla ya mtambo wa Gutenberg kuanza kuchapa katikati ya karne ya 15, kitabu Ulaya kilikuwa ngozi ya ndama au kondoo, wino, na miezi ya mtu aliyeinama akinakili herufi kwa herufi. Rangi ya buluu iliyothaminiwa zaidi ilisagwa kutoka jiwe la lapis lazuli, lililosafirishwa toka milima ya Afghanistan. Na sisi wa pwani kazi hiyo tunaijua: Siyu, kisiwani Pate, palisifika kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono. Kwa hiyo kugombania rangi na wanakili hakukuwa na ugeni wowote kwangu.

Mchezo una hatua mbili. Ya kwanza ni ya kugawiana, na ndiyo iliyonifanya niupende. Tukiwa wanne, mwenye zamu anaokota karata tano, lakini moja moja, na kila anapoiona moja lazima aamue papo hapo: aichukue yeye, aipeleke kifudifudi kwenye fungu la mnada, au aiweke wazi mezani kwa ajili ya wenzake. Yake ni moja tu, ya mnada moja tu, na tatu ni za wengine. Akishaamua, hakuna kurudi nyuma.

Hapo ndipo roho inapodunda. Umeokota karata ya 3 katika rangi unayoikusanya. Unaichukua, au unaisubiri ya 4? Ukiichukua na ya 4 ikafuata, iliyobaki ni nafasi ya mnadani, nayo baadaye utailipia. Na kama mnadani umeshapeleka kitu, hiyo 4 utaiweka mezani kwa mkono wako mwenyewe na aliyeketi kushoto kwako ataichukua kwanza. Mke wangu huchukua ya kwanza inayomfaa na kuendelea. Shemeji yangu husubiri kubwa zaidi, na mara nyingi karata ya mwisho inamkuta hajachukua kitu. Akipata dhahabu ya 1, yaani karata ya fedha ya kulipia mnadani, ndiyo hiyo hiyo. Lakini nimeshuhudia subira yake ikimlipa pia, na mezani palichangamka kwelikweli.

Kuna karata za Kanisa, tisa tu katika kasha zima, ambazo hupandisha au kushusha dadu. Ukipandisha rangi unayoitegemea, umewatangazia wote unachokitafuta. Ukishusha ya mwenzako, jiandae kulipiziwa. Mimi naona hizi ndizo zinazowafanya watu waangaliane usoni, maana bila hizo kila mtu angejikusanyia kimya kimya.

Fungu la mnada likishachangwa, hatua ya pili inaanza. Karata inafunuliwa, na anayefungua zabuni ni aliye kushoto kwa mwenye zamu. Ikiwa ni mali, mnataja dhahabu, na mshindi halipwi chenji: mwenye karata za 3 tu akinunua kwa 4, zinamtoka 6. Ikiwa iliyofunuliwa ni dhahabu yenyewe, dau linakuwa idadi ya karata utakazozitoa mkononi. Sijaona mnada mwingine wa mezani uliobuniwa vizuri kiasi hiki. Rangi uliyoshindwa kuikamata, iliyoonekana haina kazi tena, ghafla inakuwa fedha ya kununulia fedha.

“Mbili.”

“Tatu.”

“Mjomba, wewe hiyo huitaki, unanipandishia tu!”

Mpwa wangu alikuwa sahihi. Nilijua karata gani nzuri bado imelala ndani ya fungu kwa sababu niliipeleka mwenyewe, na nilitaka aifikie akiwa hana kitu mkononi. Kila mchezaji ana siri za namna hiyo, na ndizo zinazoupa mnada uhai.

Yapo yasiyomfaa kila mtu. Karata zote ni 87, lakini kabla ya kuanza kadhaa huondolewa bila kutazamwa, saba mkiwa wanne, hivyo anayependa kuhesabu kila karata atakereka. Mimi nauona huo ni uamuzi wa busara, kwa sababu hakuna anayeweza kusema ana uhakika na rangi yoyote. Wakilingana wawili, mshindi huamuliwa kwa herufi ndogo zilizo kwenye karata, na taa ikiwa hafifu herufi hizo zinasumbua macho. Na anayeingia mnadani bila dhahabu ya kutosha atatazama mali nzuri zikienda kwa wengine.

Kiingereza hakizuii. Karata ni namba, picha na alama. Akiwepo mmoja wa kusoma kanuni na kuwaeleza wenzake, zamu mbili tatu zinatosha mtu kuelewa. Nusu saa mmemaliza, na umri unaopendekezwa ni kuanzia miaka 10.

Mkiwa wawili, kila zamu ni karata tatu: yako, ya mnada, ya mwenzako. Inachezeka, ila mnada wa watu wawili unakosa wa tatu wa kuingilia kati bei. Wanne ni shangwe, lakini kati ya zamu yako na inayofuata unangoja. Watatu ndiyo idadi ninayoichagua nikipewa nafasi: karata nne kwa zamu, wenzako wawili wa kuwachunguza, na kila dadu ina angalau mtu mmoja anayeitaka ishuke.