Naxos hadi Santorini kwa meli: panda ile ya polepole

Njia hii kati ya visiwa viwili vya Ugiriki ina meli za aina mbili. Ile kubwa inayobeba magari huchukua kama saa 2. Ya kasi huokoa nusu saa hivi, na nauli yake kwa kawaida iko juu. Nusu saa hiyo haistahili pesa zako. Kwenye ya kasi unakaa ndani muda wote, na bahari ikichafuka, tumbo nalo huchafuka. Kubwa ina sitaha ya wazi: panda juu kabla hamjaingia Santorini, uzitazame vizuri kuta za kaldera, yaani shimo kubwa la volkano lililojaa bahari.

Julai na Agosti upepo wa meltemi huvuma kutoka kaskazini. Ukizidi, safari huzuiwa, na za kasi ndizo hutangulia kusimamishwa. Kwa hiyo usikate tiketi ya ndege ya siku hiyohiyo.

Vurugu yote iko kwenye kushuka. Mabegi hubaki chini, kwenye rafu kando ya magari. Weka lako kwenye rafu yenye jina la kisiwa unachoshukia, la sivyo utalitafuta huku watu wanakusukuma. Tangazo likitoka, teremka papo hapo, maana meli haikai bandarini. Athinios, bandari ya Santorini, iko chini ya jabali, na basi la Fira, mji mkuu wa kisiwa, hujaa upesi.