Nimechimba bitcoin miezi minne hapa Mtwara na kidude kinachoenea kiganjani, hesabu ya LUKU hii hapa

Mambo vipi wadau, karibuni tena, leo niko nyumbani Shangani hapa Mtwara na hiyo sauti mnayoisikia kama nyuki kafungiwa kwenye kopo sio maiki yangu mbovu, ni hichi kidude hapa mezani, na ndo tunachokichambua leo kwasababu tangu nikioneshe kwa sekunde mbili kwenye video ya rauta watu mmenijazia inbox, "kaka hiyo inachimba kweli?", "kaka inaingiza shingapi kwa siku?"

Inachimba kweli, inachimba bitcoin, ile sarafu ya kidijitali ya mtandaoni. Ya shingapi kwa siku subirini kwanza, msije mkanizimia video mapema.

Haya, hii inaitwa Bitaxe, toleo la Gamma. Icheki, bodi ndogo tu, kipoza joto cha bati, feni juu yake, na kiskrini cha kidole gumba. Ramani yake iko wazi kwa kila mtu, kwahiyo mafundi wengi duniani wanaitengeneza na kuiuza, sio mali ya kampuni moja, na hiyo ina uzuri wake na ubaya wake kwasababu ubora unategemea umenunua kwa nani. Ndani kuna chipu moja inaitwa BM1370. Sasa hiyo chipu sio ya kuchezea, ndo ileile iliyomo kwenye mashine kubwa za Antminer S21 Pro, tofauti ni kwamba lile dubwana lina chipu 195 na linakula wati 3,500 na zaidi, hii ina moja na inakula kama wati 18. Mimi imenifikia kwa laki tatu na ishirini, hapo nimejumlisha na nauli ya kuipandisha basi kutoka Dar.

Kazi yake ni nini? Kubahatisha. Hamna kingine, samahani kama mlitegemea maajabu. Kila kama dakika kumi mtandao wa bitcoin unatafuta mtu mmoja wa kufunga bloku, yaani fungu la miamala, na wa kuifunga ni yule ambaye mashine yake imekisia namba inayotoa jibu dogo kuliko kiwango kilichowekwa. Ni kama kurusha dadu, ila hii inarusha mara trilioni 1.2 kwa sekunde, ndo hiyo wanaita terahashi 1.2. Ukipatia unalipwa bitcoin 3.125, ilikuwa 6.25 mpaka Aprili 2024 ikapunguzwa nusu, na inapunguzwa hivyo kila baada ya bloku 210,000, yaani kama miaka minne.

Na hapa niseme kitu kwasababu mtu mmoja aliniuliza, umeme ukikatika si unaanza upya? Hapana bwana, huanzi upya kwasababu hakuna ulipokuwa umefika. Dadu haikumbuki. Ukirusha mara bilioni ukakosa, ya bilioni na moja ina nafasi ileile kama ya kwanza. Kwahiyo umeme ukikatika unapoteza muda tu, ukirudi inajiwasha yenyewe, inatafuta waifai, inaendelea. Kwa huku kwetu hiyo naipa maksi zote.

Kuisetia ni rahisi, ukiiwasha inatoa waifai yake yenyewe, unaunga simu, unafungua browza unaandika 192.168.4.1, unajaza jina la waifai yako na paswedi, anwani ya mahali unapochimbia na anwani ya waleti yako, yaani pochi yako ya bitcoin, basi. Ila nilihangaika nusu siku nzima kwenye hotspoti ya simu, haionekani, nazima nawasha, nakaribia kuilaani, kumbe kidude kinasoma waifai ya masafa ya GHz 2.4 tu na simu yangu ilikuwa inarusha ya 5. Nenda kwenye setingi za hotspoti ubadilishe. Bando usiogope sana, inatuma meseji ndogondogo tu, haidownload kitu.

Sasa adapta. Hapa naomba mnisikilize kuliko sehemu nyingine yote ya video hii. Hii Gamma inataka volti 5, na ampea ziwe 5 au 6. Ile chaja ya simu haitoshi, na hilo tundu la USB taipu C hapo pembeni ni la kuwekea programu, sio la kuipa moto. Tundu la moto ni hili la duara. Na hili la duara, wadau, ndo lilelile la adapta za ving'amuzi vingi, linaingia bila hata kulazimisha, ila ya king'amuzi ni volti 12! Wiki ya pili tu hiyo, niko nje naongea na simu, mtoto wa dada yangu kaona feni imesimama (umeme ulikatika ukarudi, mi nilikuwa nimechomoa mwenyewe nisafishe vumbi), kajiongeza, kachukua adapta ya king'amuzi anisaidie. Nimeingia ndani ncha iko kwenye mdomo wa tundu. Nilipiga ukelele mpaka jirani akaja. Tungekuwa tunachambua mkaa leo.

Haya sasa ile ya shingapi.

Nimeweka kile kipima umeme cha kuchomeka ukutani, ukijumlisha na adapta inakula wati 20. Mara masaa 24 ni unit 0.48 kwa siku, kwa mwezi unit 14 na ushee. Ukiwa kwenye tarifu ya kawaida ya TANESCO, unit ni shilingi 292 kabla ya kodi, ukiweka VAT na zile tozo mbili unafika kama 356, ndo maana buku inakupa unit 2.8. Kwahiyo kidude kinakula kama elfu tano na mia kwa mwezi. Ukiwa kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, ile ya shilingi 100 kwa unit, unaona nafuu, lakini kumbuka ile mwisho wake ni unit 75 kwa mwezi. Kama nyumba yako inatumia 65, ukiongeza hizi 14 umevuka, unit za juu yake zinahesabiwa 350, na ukizoea kuvuka wanakuhamisha kabisa. Mama akiuliza kwanini umeme unaisha haraka utajibu mwenyewe. Na kabla hamjaandika "si mna gesi yenu Msimbati", ndio, gesi ya Mnazi Bay inazalisha umeme hapa, ila bei ya unit ni moja nchi nzima, aliyeko Mtwara na aliyeko Mwanza wanalipa sawa.

Miezi miwili ya kwanza nilichimba kwa kikundi. Ni kama kikoba, watu wengi wanaunganisha nguvu, yeyote akipata bloku inagawanywa kwa kadiri ya ulichochangia. Nilipata satoshi kama 3,000. Satoshi ni sehemu moja ya milioni mia ya bitcoin. Tuchukulie bitcoin moja ni dola laki moja na dola ni 2,500, hesabu iwe nyepesi, hizo ni shilingi 7,500. Umeme wa miezi hiyo miwili, elfu kumi na mia mbili. Yaani nimenunua bitcoin ya elfu saba na mia tano kwa elfu kumi, na laki tatu na ishirini ya kidude sijaigusa bado kwenye hesabu.

Mjomba wangu Tandahimba nilimpigia simu nikamweleza, akanyamaza kidogo akasema, "Mjomba, mi korosho nikipuliza salfa naingia hasara ila mti nabaki nao." Sikuwa na la kumjibu.

Miezi miwili ya mwisho nikasema potelea mbali, nikahamia solo, unachimba peke yako, ukipata bloku yote yako, kwa zile bei tulizochukulia ni milioni 780 na kitu. Nafasi yake ikoje? Mwaka 2025 mtandao mzima ulifika terahashi bilioni moja kwa sekunde. Mimi nina 1.2. Ukipiga hesabu, kwa wastani ningepata bloku moja kila miaka elfu kumi na tano na zaidi. Lakini wastani sio ahadi wala sio zuio, Machi 2025 kuna mtu alifunga bloku na kidude cha ukoo huuhuu, tena cha zamani chenye nguvu chini ya nusu ya hii yangu. Hiyo habari ndo inayouza hivi vidude vyote duniani, nawaambia ukweli. Kiskrini kinaonesha alama ya jaribio lako bora mpaka sasa (jibu likiwa dogo zaidi, alama inakuwa kubwa zaidi), langu limefika bilioni 1.7, na nimejikuta naamka usiku kukiangalia kama mtu wa mikeka. Kinachotakiwa ni zaidi ya trilioni 100. Bado mara elfu sitini hivi.

Kuna jamaa kaniuliza kuhusu Antminer S9 za mtumba, anaona bei poa. Kaka, ile ni mashine ya 2016, terahashi 13 na nusu, inakula wati 1,300. Hiyo ni unit 31 kwa siku, elfu kumi na moja KWA SIKU, ikurudishie kama buku jero. Na inapiga kelele majirani watakuita kwa mjumbe. Na kadi za picha za kompyuta, ile biashara ya kuchimba Ethereum, sarafu nyingine ya kidijitali, ilikufa Septemba 2022 walipoacha uchimbaji kabisa, anayekuuzia kadi kwa hadithi hiyo anakuuzia maiti.

Alafu zile app za "kuchimba" kwa simu ambazo unaweka kwanza elfu hamsini, unaona namba zinapanda, ukitaka kutoa unaambiwa lete wenzako au ongeza hela. Zinashamiri sana huku msimu wa malipo ya korosho, na nadhani mnajua kwanini. Mashine inayochimba kweli haikuombi amana, inakuomba umeme tu.

Kisheria, Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi sio fedha halali nchini, na tangu Sheria ya Fedha ya 2024 kuna zuio la kodi asilimia 3 unapolipwa kwa kuhamisha mali za kidijitali. Satoshi 3,000 haziniumizi kichwa, ila ujue. Na yale maneno 12 ya siri ya kurudishia waleti ikipotea andika kwenye daftari, usipige skrinshoti.

Kitu kimoja ambacho video za wenzetu wa nchi za baridi hawakiongelei ni hewa yetu. Hizi skrubu za kipoza joto, sogeza kamera hapa, mnaona? Kutu, miezi minne tu, mi naishi karibu na bahari. Feni nasafisha kila wiki mbili kwa brashi ya rangi. Joto la chipu kipindi cha kusi usiku lilikuwa linakaa nyuzi 58, mchana 63, raha mustarehe. Juzi mchana imegonga 71, na ikifika 75 inajipunguza nguvu yenyewe isiungue.

Kwahiyo ukitaka hela, hapana, hiyo laki tatu na ishirini nunua bitcoin moja kwa moja au nunua kuku. Ukitaka kuelewa hii kitu inafanyaje kazi kwa ndani, mimi miezi minne hii imenifundisha kuliko miaka mitatu ya kusoma, na sijutii. Yangu inaendelea kuwaka solo mpaka kaskazi lianze, Disemba chumba hiki hakikaliki hata bila hita, hapo naichomoa mpaka joto lipungue. Adapta ya king'amuzi nimeifunga plasta nyekundu.