Wiki nane za salsa: nne imekwenda wapi?

Nilijiandikisha nikiwa na kiburi. Nimekulia Ilala, kwenye nyumba ambayo redio ya baba haikuzimwa mpaka bendi za Msondo na Sikinde zipigwe, na harusini mimi ndiye wanayeniita kufungua uwanja. Salsa si rumba tu iliyokanyagiwa mafuta? Nikatoa 120,000 kwa wiki 8, saa moja na nusu kila Jumatano jioni, darasa la wasiojua kitu, kwenye ukumbi mmoja upande wa Masaki. Jina la ukumbi naliacha, maana nina ya kulalamika.

Siku ya kwanza mwalimu alitupanga mistari miwili mbele ya kioo akaanza kuhesabu: "Moja, mbili, tatu... tano, sita, saba." Mguu wa kushoto mbele kwenye moja, uzito urudi kulia kwenye mbili, kushoto ujiunge na mwenzake kwenye tatu. Kisha tulia. Tano mguu wa kulia nyuma, sita, saba, tulia tena. Tulipofika mzunguko wa tatu, mama mmoja wa makamo aliyekuwa nyuma yangu akasimama kabisa.

"Mwalimu, nne imekwenda wapi?"

Tukacheka wote. Mwalimu akajibu kwamba kwenye nne unapumua, akaendelea. Mimi nilicheka kuliko wengine, na mimi ndiye niliyeteseka. Rumba yetu haina kunyamaza. Ukishaingia kwenye sebene kiuno kinajaza kila pigo, hakuna anayekuambia hili liache lipite. Kila nne ilipofika mguu wangu ulikuwa tayari umekwenda, dada niliyemshika akakanyagwa, nami nikaomba radhi. Wiki mbili nzima niliomba radhi.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mimi na salsa ni ndugu wa damu. Santuri za Cuba zenye namba zinazoanza na GV ziliingia Kongo tangu miaka ya 1930, na wanamuziki wa kule wakachukua son, muziki wa dansi wa Cuba uliokuwa kwenye santuri hizo, wakaihamishia kwenye magitaa yao. Hapa kwetu Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba. Son hiyohiyo ilifika New York, Wapuerto Riko na Wacuba wa kule wakaipika upya, na kampuni ya santuri ya Fania, iliyoanzishwa 1964, ikaiuza duniani kwa jina la salsa. Yaani ni watoto wa baba mmoja waliolelewa nyumba tofauti. Nyumba yao ina hesabu.

Kinachostahili sifa kwenye darasa hili ni kubadilishana wenza. Kila baada ya dakika tatu au nne mwalimu anapiga makofi, wanaume wanasogea hatua moja kulia. Hakuna kung'ang'ania uliyekuja naye. Mwanzoni nilipata tabu na yule mama wa makamo, kwa sababu ni rika la mama yangu mdogo. Kila nikimfikia nasema shikamoo kwanza, ndipo namwekea mkono kwenye bega la nyuma. Wiki ya tatu akanikatisha: "Marahaba, na ya leo ndiyo ya mwisho humu ndani. Nizungushe, mwanangu, muda unakwisha." Kwake ndipo nilipojua kuongoza si kuvuta. Ukimvuta hasogei, ukigeuza kifua chako mapema kidogo, ameshajua anakwenda wapi.

Sasa malalamiko. Tangazo liliahidi salsa, bachata, merengue, cha-cha-cha na kizomba. Hizo nne za mwisho zilibanwa kwenye wiki mbili. Merengue haikuhitaji zaidi, ni kutembea mahali pamoja huku kiuno kikifuata goti. Bachata, ya Jamhuri ya Dominika kama merengue, tulipewa hatua tatu za pembeni na kugusa sakafu kwenye nne, basi. Cha-cha-cha ndiyo iliyoonewa. Enrique Jorrín, mpiga fidla wa Cuba, aliitoa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na jina lenyewe linatokana na sauti ya nyayo zinazosugua sakafu. Sisi tulipewa dakika 40, tena spika ikikoroma, nyayo hatukuzisikia. Na kizomba kuitwa ya Kilatini mimi sikubali. Ni ya Angola, Mwafrika mwenzetu.

Lakini kubwa kuliko yote: wiki 8, hakuna hata siku tuliyofundishwa kuisikia ile "moja" ya hesabu kwenye muziki wenyewe. Mwalimu akihesabu kwa sauti tunapendeza. Akinyamaza, darasa zima linatazamana kama abiria walioshushwa kituo sicho. Niliitafuta mwenyewe nyumbani, nimevaa visikilizio, nikirudia wimbo mmoja hadi mke wangu akahamia sebuleni. Nikaacha tarumbeta, nikaacha mwimbaji, nikasikiliza konga peke yake, ile ngoma ndefu ya kupigwa kwa viganja. Katikati ya mapigo makavu kuna mawili ya wazi yanayofuatana haraka, tu-tum, na mguu unakwenda mara baada ya hapo. Nilipohesabu, tu-tum ile ilikuwa inaanza kwenye nne, na tena kwenye nane.

Jumatano iliyofuata nilimwambia yule mama kabla mwalimu hajafika (huchelewa dakika 20, hilo nalo liandikwe). Nikamgongea kwenye kiti. Akafumba macho kidogo. "Kumbe anayo mpiga ngoma," akasema.

Ukitaka kwenda, usivae raba. Soli ya mpira inashika vigae, mwili unageuka na goti linabaki. Nilichechemea siku nne. Nilipeleka viatu vyangu vya ofisini kwa fundi Kariakoo anibandikie soli laini ya ngozi, akaniuliza mara mbili kama kweli nataka viwe vya kuteleza.

Nyota tatu kati ya tano. Awamu ya pili nimeshalipia, na mama naye amelipia.