Wikiendi ya michezo Chamonix: milima nyota tano, kaunta sifuri

Nyota moja, na hata hiyo naitoa shingo upande. Kama unataka kujua kifurushi cha kampuni hii ya utalii wa michezo kina nini ndani na buti zao zinafika namba ngapi, tangazo lao linasema yote. Mimi nataka kuzungumzia kaunta.

Tulikwenda Chamonix, mji wa milimani huko Ufaransa, mwezi wa nne, mwanzo mwanzo hivi, bondeni nyasi zimeshaanza kuonekana. Mimi nilitoka Geneva kwa basi, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Shoga yangu na mumewe wakaja na gari kutoka Lyon. Wikiendi ya michezo mitatu: skii, baiskeli, na kupaa kwa parachuti ukiwa umefungwa na rubani. Niliyechagua ni mimi, niliyepiga simu ni mimi, niliyelipa ni mimi. Shemeji kazi yake ilikuwa kuendesha gari na kula jibini.

Sasa, mtu aliyekaa jirani na milima ya Alps misimu miwili mitatu anajua kuwa machipuko yana ratiba yake. Usiku theluji inaganda, asubuhi jua linailainisha juu juu, na hapo ndipo inapoteleza vizuri. Ikifika saa nane mchana ni uji. Wala si suala la raha peke yake, maana theluji iliyolowa jua ndiyo inayoporomoka kwenye miteremko mikali. Kupaa nako ni asubuhi, hewa ya moto haijaanza kupanda, upepo wa bonde haujaamka. Kinachoweza kusubiri mchana ni baiskeli kando ya mto Arve, au kutembea njia ya Petit Balcon Sud, ambako jua linapiga na theluji inatoka mapema. Juu asubuhi, chini mchana, basi. Hakuna elimu kubwa hapo.

Wao walituandikia baiskeli saa mbili asubuhi, njia bado ina barafu, na skii saa nane mchana. Tena skii yenyewe kwenye mlima wa Brévent, upande ule ule unaotazama kusini! Kule kijiji cha Argentière kuna miteremko ya Grands Montets, imeelekea kaskazini, theluji yake inadumu, hawakuiwaza.

Nikamwendea kijana wa kaunta. Nikamsalimia, nikamwomba kwa Kifaransa, cha adabu kabisa, ageuze mpangilio tu, hatuongezi kitu wala hatupunguzi. Akanitazama kidogo, kisha macho akayapeleka kwa shemeji, aliyekuwa nyuma yangu anasoma bei za soksi. "Mwambie madame programu ikishachapwa haibadilishwi."

Mwambie madame! Niko mbele yake, kiwiko changu kiko juu ya meza yake, risiti yenye jina langu anayo mkononi. Na huyo anayeambiwa aniambie amekulia Marseille, hajui hata buti la skii linafungwa upande gani. Shemeji, Mungu ambariki, akasema, "Aliyelipa ni yeye." Kijana akatabasamu, akaendelea kumweleza yeye masharti ya kifurushi. Mji huu uliandaa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924. Miaka mia na zaidi ya kupokea wageni, na bado mteja hatazamwi usoni? Haya, mji hauna kosa. Mama wa duka la mikate alinihudumia vizuri mno.

Baiskeli tuliendesha vidole vimekufa ganzi. Skii sitaki hata kuisimulia: kila ukikata kona mguu unazama, mwalimu mwenyewe kanuna, tukashushwa mapema. Shoga yangu anasema haikuwa mbaya hivyo. Shoga yangu ni mtu wa Mombasa, hata jahazi likizama naye atasema bahari ilikuwa nzuri.

Halafu wakaniharibia hasira. Siku ya pili tulipandishwa Planpraz, kama mita 2,000 juu, na ilikuwa asubuhi kweli, kwa sababu marubani wanasikiliza upepo, hawasikilizi kaunta. Rubani wangu, mwanamke wa makamo, aliniuliza jina, akalirudia mpaka likamkaa, akanikaza mikanda, akasema, "Kimbia, na usikae mpaka nikuambie." Nikakimbia. Theluji ikaondoka chini ya miguu, na ng'ambo yangu Mont Blanc lote, barafu ya Bossons imening'inia kuelekea nyumba za watu, kilele cha Aiguille du Midi na mita zake 3,842 imesimama wima. Nikasema Mashaallah kwa sauti, machozi yananitoka, rubani akacheka. Kule hewani niliwapa nyota tano, na kijana wa kaunta nikamsamehe yeye na ukoo wake.

Tulipotua nikaisifia kampuni yake. Akasema si kampuni yake, yeye anajitegemea, wao wanamletea watu na kukata chao. Kwa hiyo nyota nne zile msiwahesabie wao.

Jioni tukarudisha vifaa. Dipoziti nilikuwa nimeiweka mimi, taslimu. Kijana yule yule akakata yuro kadhaa kwa ajili ya "matope" kwenye baiskeli. Matope! Theluji inayeyuka bonde zima, alitaka turudi na vumbi? Kisha akahesabu noti zilizobaki, akanyoosha mkono ukanipita begani, akampa shemeji. Akamtakia na safari njema. Yeye.

Niliandika malalamiko, jina langu limekaa juu na chini. Jibu likaanza, "Mpendwa Bwana," na ndani yake vocha ya punguzo kwa kifurushi kile kile.

Nendeni, Chamonix ni pazuri. Lakini kila mchezo ulipie kwa wenyewe, rubani kwa rubani, vifaa dukani, na hotelini dai kadi ya mgeni ya kupandia mabasi ya bondeni. Mimi mwakani narudi kwa yule mama wa parachuti. Vocha nimempa shemeji, si ndiye Bwana.